Meza ya Laki Nane na Nusu, Mama Kaokolewa na Soda ya Buku!

Picha zilitupiwa Instagram Jumapili asubuhi, na hadi saa sita mchana zilikuwa zimeshafika kila kona. Mdada mmoja wa mjini, jina kapuni, anayeuza nguo na vipodozi mtandaoni na mwenye wafuasi wa kutosha, alikuwa kamfanyia mama yake mzazi bethdei ya miaka 60. Na kwa kweli, kwa macho, shughuli ilikuwa ya kibabe.

Meza ilikuwa ndefu, imevishwa kitambaa cheupe cha satini hadi chini. Nyuma yake ukuta mzima wa maua, katikati namba 60 za dhahabu zenye taa, juu tao la maputo meupe na ya dhahabu yaliyoanzia upande mmoja wa sebule hadi mwingine. Keki ya ghorofa nne. Mitungi ya kioo yenye juisi za rangi tatu. Chupa zilizopangwa kama gwaride. Pembeni kiti cha kifalme, na juu ya kiti hicho mama, gauni la dhahabu, taji kichwani.

Maneno chini ya picha: "Malkia wangu." Laiki zikamiminika. "Hongera mama." "Mungu nipe uwezo na mimi." "Dada una roho." Kila aliyeona alitamani mama yake awe pale.

Kumbe wenye kujua walikuwa wamenyamaza.

Jumatatu usiku sauti ya shangazi mmoja ikavuja kutoka kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, dakika nne na nusu za uchungu mtupu, na tangu hapo mjini hakukaliki. Kuna wanaomtetea mdada, kuna wanaomsulubu. Lakini kabla ya kuchagua upande, ni vizuri ijulikane kilichotokea nyuma ya zile picha, maana hili si la familia moja. Wikiendi hii hii kuna meza nyingine inapangwa Tabata, nyingine Kimara, nyingine Mbagala, kwa mtindo ule ule.

ILIVYOKUWA

Mama wa watu ni mgonjwa wa sukari, mwaka wa 11 sasa, na anachoma insulini. Aliambiwa shughuli inaanza saa nane mchana na watu wanakula hapo hapo. Kwa hiyo saa saba na nusu, kama anavyofanya siku zote, akachoma sindano yake, akavaa gauni, akakaa kwenye kiti alichooneshwa.

Saa nane ikafika, mpiga picha hajafika. Alikuwa kwenye shughuli nyingine, yuko njiani, foleni. Na amri ilikuwa moja: hakuna kufunua chakula mpaka picha zipigwe, kwa sababu masahani ya pilau yakipita pale mbele yataharibu mpangilio. Wajukuu waliosogelea meza walifukuzwa. "Msiguse hapo! Nyie watoto vipi?" Mmoja wa miaka minne alilia mpaka akalala kwenye zulia, bila kula.

Mpiga picha kafika saa tisa na nusu. Zikaanza picha. Mama peke yake. Mama na meza. Mama ageuke huku. Mama acheke kidogo. Mama na mdada. Mdada peke yake na meza. Mdada na mashosti zake wanne, gauni la kwanza. Mdada na mashosti zake wanne, gauni la pili.

Saa kumi mama akaanza kutoka jasho. Mikono inatetemeka. MC, kijana wa watu asiyejua hili wala lile, akakamata kipaza sauti: "Mama anatetemeka kwa furaha jamani, mpigieni makofi!" Na watu wakapiga makofi.

Aliyeshtuka ni jirani, nesi mstaafu, aliyekuwa amekaa viti vya nyuma kabisa karibu na mlango wa jikoni. Alimuona mama ananyanyua macho kama hamjui mtu. Akapita katikati ya watu, akamshika mkono, akapaza sauti: "Sukari imeshuka! Leteni kitu kitamu, haraka!"

Hapo ndipo aibu ya mwaka ilipotokea. Kila mtu kageukia meza. Meza imejaa! Kaka mtu akachukua kisu, akazamisha kwenye keki. Kisu kikalia kwaruu. Akajaribu ghorofa ya pili, vile vile. Keki yote ilikuwa dami, lile povu jeupe linalokuja ndani ya katoni la tivii ili isivunjike, limepakwa krimu juu na kuwekewa lulu za plastiki. Keki ya kula ilikuwa inakuja jioni, kwa bodaboda. Shangazi akakimbilia mitungi ya juisi. Maji ya rangi. Akashika chupa. Tupu, zimezibwa vizuri kwa karatasi ya dhahabu.

Meza ya laki nane na nusu, urefu wa mita nne, haikuwa na kitu hata kimoja cha kuingia mdomoni mwa binadamu.

Aliyemuokoa mama ni mjukuu wake wa miaka 12. Dogo alitoka mbio hadi kwa Mangi, akarudi na soda ya buku. Mama akanyweshwa taratibu, na baada ya robo saa macho yakaanza kurudi. Kabla hajapata nguvu ya kusimama, kuna mtu kauliza kama picha za kukata keki zitapigwa leo au zihamishiwe siku nyingine.

Hiyo ndiyo bethdei ya "Malkia wangu."

HESABU HAIDANGANYI

Tuhuma kubwa inayotembea mtandaoni ni kwamba mdada ana roho mbaya. Si kweli, na wanaosema hivyo wanakwepa kitu kigumu zaidi. Huyu ni mtoto aliyelelewa kwa vitumbua. Mama yake aliamka saa kumi alfajiri miaka na miaka, akauza vitumbua kituo cha daladala, akasomesha watoto watatu. Nyumba ile haikuwahi kuona keki. Mtoto alipopata vijisenti akataka mama aonje yale ambayo hakuwahi kuyapata. Hapo nani wa kumlaumu?

Tatizo linaanzia kwenye karatasi ya bajeti, ambayo shangazi aliisoma mstari kwa mstari kwenye ile sauti. Jumla ya pesa ilikuwa milioni moja na nusu. Mapambo ya meza na ukumbi, 850,000. Picha na video, 300,000. Keki, yaani dami pamoja na ile ya kula, 200,000. Chakula cha watu 40, ni 150,000.

Watu 40 kwa laki moja na nusu ni 3,750 kwa kila kichwa. Sahani ya mamantilie yenye nyama ya maana haiko mbali na hapo. Yaani mapambo yalikula zaidi ya nusu ya pesa, chakula kikaambulia sehemu moja ya kumi. Mtu akitaka kujua shughuli ni ya nani, asisikilize MC anasema nini, aangalie pesa imekwenda wapi. Ile ilikuwa shughuli ya kamera.

Na pesa yenyewe imetoka wapi? Milioni moja na laki moja ni michango ya ndugu. Kaka mtu anaendesha bajaji ya mkataba, katoa laki moja ambayo ni jasho la siku kadhaa. Shangazi mwenyewe katoa elfu 50 kutoka kwenye kikoba. Laki nne zilizobaki mdada alikopa kwa wale jamaa wa kausha damu, wanaokupa pesa asubuhi bila maswali na wiki ijayo wanakuja kubeba friji. Marejesho kila Ijumaa. Mapambo yaliondoka siku ile ile, deni limebaki mlangoni.

Ndiyo, yaliondoka siku ile ile. Hili wengi hawalifikirii wakati wanatazama picha. Meza zile ni za kukodi. Kiti cha kifalme cha kukodi, ukuta wa maua wa kukodi, namba 60 za kukodi. Saa tatu usiku vijana wa mpambaji walikuwa wanapakia kirikuu, na mama akaombwa kwa heshima zote anyanyuke kwenye kiti, maana Jumapili kilikuwa na kazi Kigamboni.

VYOMBO VYA KABATINI

Kuna jambo moja kwenye ile sauti limewatoa watu machozi kuliko hata la sukari.

Wiki mbili kabla, mama alipoulizwa anataka nini siku yake, alitaja vitu vitatu. Pilau. Dada zake wawili kutoka Tanga. Na vile vyombo vyake vya kabatini vitumike.

Kila aliyekulia nyumba ya Kiswahili anavijua hivyo vyombo. Seti ya sahani zenye maua na mstari wa rangi ya dhahabu pembeni, zilizoletwa kwenye harusi, zikafungiwa kabatini kusubiri wageni. Watoto wamekua wanaziangalia kwenye kioo bila kuzigusa. Mama huyu alikuwa nazo sahani kumi, na miaka yote alikuwa akisema zitatoka siku ya maana.

Asubuhi ya shughuli akazitoa, akazifuta moja moja kwa kitambaa, akazibeba mwenyewe hadi mezani. Mpambaji akaziangalia, akacheka kwa adabu. "Mama, hizi hazitoki kwenye picha. Rangi yetu leo ni nyeupe na dhahabu." Zikarudishwa kabatini. Mama hakusema kitu.

Miaka 60 mtu anasubiri siku ya maana, ikifika anaambiwa vitu vyake havina hadhi ya kukaa kwenye meza yake mwenyewe. Kama kuna mwenye kutafuta ubaya wa meza za siku hizi, asihangaike na maputo. Ubaya wote uko kwenye ile sentensi.

KUPAMBA SI DHAMBI

Sasa wapo watakaokuja na lile jibu la haraka: acheni ushamba, wazee wenu walikuwa hawapambi ndiyo maana mnaona wivu. Ni uongo.

Watu wa pwani wamepamba tangu enzi. Nyumba yenye shughuli ilijulikana kwa harufu kabla mtu hajafika mlangoni: udi, asumini, mrehani. Kikuba kilishonwa kwa mikono. Jamvi lilitandikwa la rangi, na chakula kililetwa kimefunikwa kwa kawa lililosukwa kwa ukindu wa rangi nyekundu, kijani na zambarau, kazi ya wiki nzima ya mwanamke mmoja. Birika na beseni la kunawia viling'arishwa mpaka mtu anajiona sura. Nani kasema huo si urembo?

Lakini angalia tofauti. Kawa ni zuri na linazuia inzi. Birika ni zuri na linanawisha. Jamvi ni zuri na linakaliwa. Sinia ni zuri na watu wanne au watano wanalizunguka wakila pamoja. Hakuna hata kimoja kilichomwambia mgeni "usiguse."

Nenda Kilimanjaro, kwa Wachaga. Pambo kuu la meza yao ni ndafu, mbuzi mzima aliyechomwa, anasimamishwa juu ya meza kapambwa kwa mboga na matunda, majani ya kijani mdomoni. Analetwa kwa mbwembwe, watu wanacheza, simu zote juu, picha zinapigwa mpaka basi. Halafu? Halafu anakatwa na kuliwa! Ndiyo maana mtindo ule umetoka Moshi ukashika sherehe za nchi nzima, hata za watu wasiojua neno moja la Kichaga. Macho yanashiba na tumbo linashiba, kwa kitu kile kile.

Kwa hiyo ugomvi hapa si kupamba au kutopamba. Ugomvi ni pambo linalomkaribisha mtu na pambo linalomfukuza. Keki ya dami, maji ya rangi na chupa tupu ni vitu vya kumfukuza mtu. Vinasema: hapa hakuna chako, wewe ni wa kutazama tu, kama wa huko Instagram. Na mtu aliyepanda basi kutoka Tanga kuja kumuona dada yake hakuja kutazama.

WANAOMTETEA WANASEMAJE?

Tuwe waungwana, hoja zao zisikilizwe. Ziko nne.

Ya kwanza: hela yake, wivu wenu. Hili tayari limeshajibiwa na bajeti. Hela yake haikuwa hata senti moja. Milioni na laki moja ya ndugu, laki nne ya mkopo. Aliyechangia ana haki ya kuuliza kwa nini mchango wake umegeuka maputo wakati wajukuu wamelala njaa.

Ya pili: mapambo ni ajira, mnataka vijana wafe njaa? Hoja hii ina uzito. Kuna vijana wengi wa kike na wa kiume wanaolea familia kwa kazi ya kupamba, na ni kazi ngumu, ya kukesha, ya kupanda ngazi na kubeba vyuma. Lakini hata mpishi ni kijana. Muuza maua mabichi ni kijana. Mama wa matunda sokoni, msuka mikeka, fundi wa vitambaa, wote wana watoto. Laki nane na nusu ikigawanywa vizuri inalisha watu sita, si mmoja. Na mpambaji mzuri anaijua kazi yake: anauliza kwanza nani anasherehekewa, anaumwa nini, anapenda nini, anakula saa ngapi. Yule anayeuliza "rangi gani?" tu, anapanga duka.

Ya tatu: kumbukumbu. Chakula kinaisha, picha inabaki. Kweli picha inabaki. Lakini inabaki ikikumbusha nini? Mama yule akiangalia zile picha ataona taji, halafu atakumbuka jasho. Picha ya kumbukumbu hupigwa kwenye tukio. Pale tukio ndilo lililotengenezwa kwa ajili ya picha, na likasimamishwa saa mbili kuisubiri kamera.

Ya nne, na hii ndiyo ya kweli kuliko zote: mbona wanasemwa wanawake tu? Hapo wanatetezi wamegonga penyewe. Kuna mastaa wa kiume mjini hapa wanaofanya bethdei kwenye viwanja vya starehe, meza imejaa chupa zenye fataki juu, nusu zimenunuliwa kwa mkopo, na nyumbani mtoto karudishwa shule kwa ada. Wanaitwa wanajua kula bata. Mwanamke akikosea meza moja anaitwa mlimbukeni. Kipimo kinatakiwa kiwe kimoja. Ila kosa la wale haliwi dawa ya kosa la huyu, na mama aliyekaribia kuzimia anabaki kuwa yule yule.

MEZA INAVYOTAKIWA KUPANGWA

Kulaumu bila kuelekeza ni umbea. Basi na liwe wazi namna meza ya bethdei ya nyumbani inavyopangwa na mtu anayempenda anayesherehekewa.

Mtu kwanza. Kabla ya rangi, kabla ya namba, aulizwe mwenye siku anataka kula nini, akae na nani, na lini. Kama ana sukari, presha au vidonda vya tumbo, menyu inaanzia hapo. Anayechoma insulini au kumeza dawa za kushusha sukari halafu chakula kikachelewa, sukari inaweza kushuka kwa kasi: jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa. Huyo anapewa haraka kitu chenye sukari ya kweli, kama nusu glasi ya soda ya kawaida au juisi, au vijiko 3 hadi 4 vya chai vya sukari kwenye maji, halafu anaangaliwa baada ya dakika 15, na akipata nafuu anakula. Akipoteza fahamu asiwekewe chochote mdomoni, akimbizwe hospitali. Kwenye nyumba yenye mgonjwa kama huyo, kitu hicho kinakaa mezani, kinaonekana, kinafunguka.

Chakula pili. Sahani, sinia na bakuli ndizo zinazopewa nafasi kwanza, mapambo yanachukua kinachobaki. Wapangaji meza humhesabia kila mlaji kama sentimita 60 za ukingo wa meza ili viwiko visigongane. Meza ya mita moja na themanini inakalisha watatu kila upande, na katikati panabaki njia ya maua na vyakula. Ikipambwa mpaka sahani hazina pa kutua, imepambwa kupita kiasi.

Macho yaonane. Maua na vinara vya katikati visizidi kama sentimita 30 kwenda juu, ili bibi wa upande huu amuone bibi wa upande ule. Watu wamekuja kuonana. Ukuta wa mawaridi ya plastiki katikati ya ndugu ni ukuta tu.

Vya nyumbani kabla ya vya kukodi. Doti moja ya kanga nzuri ikitandikwa katikati ya meza inatosha kuibadilisha sura, na kesho yake mama anaivaa. Kitenge kile kile. Majani ya mgomba yaliyooshwa yanatandikwa chini ya vyakula, hayana gharama na yanang'aa kuliko satini. Vikombe vya zamani vikijazwa asumini au maua ya uani vinanukia nyumba nzima. Nanasi, papai, tikiti na maembe vikikatwa na kupangwa kwa rangi ni pambo ambalo mtoto anaruhusiwa kulivamia. Na kama kuna vyombo vya kabatini, vitoke. Kama si siku hiyo, ni lini?

Maputo kwa kiasi. Yakiwepo machache watoto wanafurahi. Yakipasuka, vipande viokotwe mara moja, mtoto mdogo akikiweka mdomoni kinaweza kumkaba. Na mishumaa na fataki za keki zikae mbali na nyavu, pazia na maputo. Wenye kupenda matao ya maputo 300 wakumbuke pia asubuhi yake. Nchi hii ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 1, 2019, watu wakazoea kubeba vikapu. Halafu Jumapili mtu huyo huyo anatoa magunia mawili ya plastiki zilizotumika saa tano kuliko kawaida ya mfuko wa sokoni.

Kamera mwisho. Picha zinapigwa dakika 20 kabla ya wageni kukaa, au zinapigwa watu wakila na kucheka. Mpiga picha akichelewa, amekosa. Pilau halimsubiri mtu.

Bajeti nayo ina kanuni nyepesi ambayo shangazi wa sauti aliitaja bila kujua kama inaitwa kanuni: "Mshibishe mtu, halafu mkalishe, halafu ndiyo umpambie." Mapambo yakizidi chakula, irudiwe upya.

JUMAPILI ILE

Mwisho wa sauti yake, shangazi alisimulia kitu ambacho hakikupigwa picha.

Jumapili, wakati simu ya mdada inalia laiki moja baada ya nyingine chumbani, mama alitandika jamvi ukumbini. Yale maua yote yalikuwa yameshaondoka, sakafuni imebaki alama ya gundi na lulu mbili tatu za plastiki. Dada zake wa Tanga walikuwepo, wanaondoka na basi la saa nane. Akapasha kiporo cha pilau, kile kilichobaki, akakata kachumbari mwenyewe. Akafungua kabati. Akazitoa sahani zake zote kumi.

Wajukuu walipewa nao. Yule wa miaka minne aliishika yake kwa mikono miwili kwa woga, akauliza kama anaruhusiwa. Bibi yake akamwambia, "Kula mwanangu. Ikivunjika imevunjika."

Mdada alitoka chumbani akakuta wanakula. Alisimama mlangoni kwa muda, halafu akavua viatu, akakaa pembeni ya mama yake. Hakuna aliyemgombeza. Mama alimpakulia.

Hakutupia kitu siku ile. Lakini Ijumaa inakuja, na jamaa wa marejesho wanajua nyumba ilipo.

Basi swali liende kwa kila mwenye kikao cha kamati wiki hii, mwenye karatasi ya michango mkononi na picha za meza za watu kwenye simu. Mwenye siku yake ameshaulizwa anataka nini? Na kwenye hiyo meza ya kesho, akitetemeka, kuna kitu cha kumpa?